Asubuhi za Kutazama Ukuta

Juzi mume wangu alikiona kiti cha henzerani tulichokitupa nyuma ya nyumba kinaliwa na mchwa, akakivunjavunja, akakitia chini ya sufuria ya maharage. Hakuniuliza. Mwanaume akishika shoka haulizi mtu. Mimi nilikuwa barazani nashona sare ya shule ya mtoto wa jirani, na moshi ule uliponifikia mguu ukagoma kukanyaga cherehani. Henzerani ikiungua ina harufu yake peke yake. Inaanza tamu, kama sukari iliyosahauliwa kwenye sufuria, halafu nyuma yake unakuja ukali wa nywele zilizopitiwa na moto. Nilikaa pale Masasi, mtu mzima, mama wa watoto, machozi yananichuruzika, na mume wangu anauliza, "Moshi huo, Mama Tunu?" Nikamjibu ndiyo, moshi. Angejuaje? Nilikuwa namlilia Baba.

Baba yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo. Mama alifariki mimi ningali nanyonya, Baba yuko mbali huko majini, na habari ilipomfikia Mama alikuwa ameshazikwa. Nikalelewa na Bibi, mama yake Baba, kijijini Makote, juu kule Newala, kwenye nyumba ya udongo iliyozungukwa na mikorosho. Baba kwangu alikuwa sauti ndani ya simu ya jirani, sauti inayouliza nimekula nini, nami najibu ugali, kisha tunanyamaza wote wawili. Basi aliporudi moja kwa moja, nami nimeshaanza shule, Bibi alinisukuma mgongoni: "Nenda kamwamkie baba yako, unashangaa nini?" Nikaenda, nikapiga goti, nikamwambia shikamoo mtu ambaye sikumbuki kumwona. "Marahaba, Somoe," akasema. Naye maskini hakujua mikono aiweke wapi. Akaniwekea kichwani, akaiondoa upesi. Kisha akafungua begi akanipa viatu vyekundu, vizuri sana, vya mtoto mdogo kuliko mimi. Havikupita hata vidole. Bibi alivitundika kwenye msumari, vikakaa hapo miaka.

Chini kabisa ya lile begi kulikuwa na fimbo nne za henzerani, kila moja urefu wa mkono wa mtu mzima, zimefungwa mbili mbili kwa kitambaa. Kesho yake, jua bado halijatoka, nikasikia uani kitu kinakata upepo, vuu, vuu, vuu. Nikachungulia mlangoni. Baba alikuwa kifua wazi, fimbo mbili mikononi, moja inapanda nyingine inashuka, zinapishana mbele ya uso wake bila kugusana. Akasimama, akainamisha kichwa mbele ya mtu asiyekuwepo, akaanza upya, huku anahesabu kwa lugha nisiyoijua. Sikupata kuona zaidi. Mkono wa Bibi ulinishika kidevu ukanigeuza.

"Tazama ukutani, mke mwenzangu," akaninong'oneza. Bibi aliniita hivyo kwa utani wa bibi na mjukuu, lakini siku ile hakuwa anatania. "Hayo ni mambo ya kumbini. Mwanamke hayatazami."

Wenzangu mliokulia kwetu mnanielewa. Wavulana walipopelekwa kumbini kutahiriwa na kufundwa, sisi wasichana tulifunzwa jambo moja tu kuhusu huko: usitazame, usiulize. Nyimbo zao zikipita njiani, unageuka. Fimbo zao zikilia huko porini, unajifanya husikii. Wala haikuwa hofu sana. Ilikuwa adabu, kama kupiga goti ukiamkia. Sasa Bibi wa watu anamwona mwanawe ana fimbo, anainamia hewa, anatamka maneno yasiyojulikana, adhani nini? Mabaharia nao, akasema, watakuwa na kumbi lao huko huko majini.

Basi nikageuka, na nikawa nageuka kila asubuhi. Baba akitoka na fimbo zake nami nafagia uani, naacha ufagio, nasogea mpaka ukuta wa jiko, nampa mgongo mpaka amalize. Ukuta ule naujua mpaka leo. Ulikuwa na ufa ulioanzia chini na kuishia kwenye kiota cha nyigu, na mahali udongo ulipobanduka ulionekana mti wa mwanzi, na pembeni yake punje ya mahindi iliyokandiwa humo na mtu aliyejenga. Nyuma yangu vuu, vuu. Akimaliza alizipitisha fimbo juu ya makaa ya Bibi ili zikaze, na hapo ndipo harufu ile ilipoingia puani mwangu isitoke tena. Kumbukumbu zangu nyingi za Baba ni za pua na masikio. Macho hayakupewa nafasi.

Siku moja moja alinisemesha.

"Somoe."

"Abee, Baba."

"Husikii baridi kusimama hapo?"

"Sisikii, Baba."

Halafu vuu, vuu.

Kijiji nacho hakikumwacha. "Baba Somoe, leo umemuua nani?" walimwuliza akipita na bomba la kupulizia mikorosho mgongoni. Yeye anacheka kidogo, anapita. Shuleni wenzangu walisema baba yangu anapigana na jini lililomfuata kutoka baharini. Niliumia, lakini ningemteteaje? Ukitaka kumtetea mtu lazima useme anafanya nini, na mimi nilikuwa nimekatazwa hata kujua. Jioni alirudi kutoka shambani manjano tupu kwa unga wa salfa, dawa ya mikorosho, nyusi manjano, kope manjano, akaoga kwa yale maji yetu ya kupimiana, kisha akatoka tena na fimbo. Hata siku za kuokota korosho, ambapo kila mgongo Makote unalia, yeye hakukosa.

Mara moja alimpata mtu. Baba mdogo Saidi, ndugu yake wa tumbo moja, alikuja kutusalimu, na mimi nikiwa ukutani nikamsikia Baba akimweleza kwa furaha ambayo sikujua kama anayo. Ni mchezo wa Wafilipino, alisema, unaitwa arnis. Alifundishwa na mpishi wa meli, Mfilipino mmoja mnene ambaye yeye alimwita Kuya, yaani kaka. Walicheza juu ya sitaha kila asubuhi kabla ya zamu. "Peke yako unajifunza nusu tu," akasema. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Lazima awepo mtu wa pili, fimbo zenu zikutane." Zikakutana. Ta, ta, halafu yowe. Baba mdogo alikuwa amepigwa vifundo vya vidole. "Kaka, mikono hii nalimia," akasema, akapuliza vidole, akanywa chai, akaenda zake. Jozi ya pili Baba akaichomeka darini juu ya jiko, ikakaa huko na masizi.

Mtasema, hapo si ungeelewa? Sikuelewa. Baba mdogo naye alikuwa mwanaume aliyepita kumbini. Niliona wameongea ya kwao.

Simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya shamba letu. Jioni moja Bibi akanituma nikamwite Baba aje ale. Nikamkuta amesimama juu ya kichuguu, hanioni, anaongea na baharia mwenzake wa Mtwara. "Nitafutie meli," alikuwa anasema. "Yoyote ile. Hapa sina mtu, bwana. Nakwambia kweli, hapa sina mtu."

Nilisimama pale chini. Nilikuwa na miguu miwili, mikono miwili, gauni la shule lenye kiraka, na jina alilonipa yeye mwenyewe. Nikarudi nyumbani bila kumwita. Ugali wake ukapoa.

Kesho yake tulikuwa tunatwanga makopa ya muhogo, Bibi na mimi, kinu kimoja michi miwili, yeye akishusha mimi napandisha. Kazi hiyo haitaki nguvu sana kama inavyotaka kusikiliza, maana ukiwahi au ukichelewa unamvunja mwenzio mkono. Nikamwuliza huku natwanga, "Bibi, mimi si mtu?"

"Nani kasema? Nitajie nikampasue kichwa na mchi huu."

"Hakuna."

"Wewe ni mtu, tena mtu hasa. Twanga."

Nikatwanga. Lakini tangu siku ile nilikuwa na jambo moja tu ninalolitaka duniani: Baba asiondoke. Na sikuwa na neno la kumwambia. Nilimwogopa kidogo, nilimpenda sana, na sikuwa nimemzoea. Akili yangu ya kitoto ikaniambia nikizidisha adabu atabaki. Basi nikawa nageukia ukuta mapema zaidi, hata kabla hajafungua kile kitambaa cha fimbo. Nikaacha hata kuchungulia kwa pembe ya jicho, maana, kusema kweli, mwanzoni nilikuwa nachungulia. Nikawa mtoto mwenye adabu kuliko wote Makote, na Baba akazidi kuwa mkimya. Alikula kimya, akapulizia mikorosho kimya, na jioni akapanda kichuguu.

Meli ikapatikana. Alituambia tukiwa tunakula ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, kwamba korosho zikishaokotwa na kuanikwa yeye anakwenda. Bibi akasema, "Haya, mwanangu, Mungu akutangulie," akaendelea kumenya. Mimi nikarudisha wangu kwenye bakuli. Nikanywa maji.

Siku zile za mwisho Bibi alimwagikiwa na maji ya moto mkononi, akafungwa kitambaa, na makopa yakabaki yangu peke yangu. Mchi mkubwa, mimi mdogo, kila nikiunyanyua nanyanyuka nao. Baba alikuwa ndani anafunga begi. Akatoka, akanitazama, akauchukua mchi wa Bibi.

"Loo! Mwanaume anatwanga?" Bibi akapiga kelele kutoka kwenye mkeka wake ndani.

"Melini nilifua, nilideki. Nani alinifanyia, Mama?" Baba akamjibu, akashusha mchi.

Mwanzo tuligongana. Kisha nikaacha kumwogopa nikaanza kusikiliza, kama ninavyomsikiliza Bibi, nikaingia katikati ya mapigo yake. Du, du, du, du. Akaharakisha, nikaharakisha. Akachelewa makusudi, nikamngoja. Akahamisha mchi mkono wa kushoto, nami nikahamisha. Akacheka! Tukaendelea kutwanga unga ambao ulishakuwa unga zamani.

"Nani kakufundisha kungoja hivyo?" akaniuliza anahema.

"Kutwanga na Bibi."

Akauweka mchi chini taratibu. Akaingia jikoni, akachomoa darini ile jozi ya pili, akaifuta masizi kwa shati lake la safari, akaniletea. Nami nilipoziona fimbo, mwili ukafanya ulichozoea. Nikageukia ukuta.

"Hata leo, Somoe?" Sauti yake nyuma yangu ilikuwa ndogo sana. "Naondoka, na bado unanionea haya?"

"Sikuonei haya, Baba."

"Mbona unanipa mgongo? Kila siku nikitoka tu unanipa mgongo. Nikasema basi, mtoto anaona aibu kuwa na baba kichaa. Si kosa lake."

"Bibi kasema mambo ya kumbini hayatazamwi."

Nikasikia kuku wanakwaruza makapi. Halafu akasema polepole, "Kumbini?" Kisha kwa nguvu: "Mama! Umemwambia mtoto haya ni ya kumbini?"

Bibi akatoka na mkono wake wa kitambaa. "Kama si ya kumbini ni ya wapi? Mtu mzima, alfajiri, anasujudia hewa! Ulinieleza?"

"Hukuniuliza!"

"Ya kumbini yanaulizwa?"

Baba alicheka mpaka akakaa chini vumbini. Akacheka, akapiga paja, akacheka, halafu nikasikia kicheko kimebadilika, nikageuka. Alikuwa analia, viganja usoni. Na hapo ndipo nilipomtazama baba yangu kwa mara ya kwanza bila kuiba. Alikuwa na mvi nyuma ya masikio. Alikuwa na kovu jembamba juu ya jicho. Pua yake ilikuwa pua yangu kabisa, jamani, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Tulipata asubuhi chache. Alinifundisha ile wanayoiita sinawali, ambayo alisema kwa Wafilipino ina maana ya kusuka: juu, chini, juu, kulia, kushoto, fimbo zake zinakutana na zangu kila mara, na wala haikuniwia vigumu, kwa sababu kilikuwa kinu kilekile, kimesimamishwa tu hewani. Ta-ta-ta, ta-ta-ta, Makote nzima inasikia. Fimbo za henzerani zikigongana kwa nguvu zinatoa zenyewe ile harufu ya kuungua, kidogo, unainusa karibu na vidole. Na kila zikigongana zinachubuka. Baba alinionyesha michubuko kwenye fimbo zake, anazigeuza juani kwa furaha kama mtoto. "Hii umenipiga wewe. Na hii, uliponishtukiza. Fimbo ya mtu aliye peke yake haina alama hata moja. Angalia sasa."

Nilimwambia asiende. Nilimwambia waziwazi, nikiwa nimeshika shati lake. Alikuwa ameshatoa neno, alisema, na mwenzake wa Mtwara amemdhamini. Akimwangusha, yule naye anakosa kazi. "Safari hii moja tu, mama. Nikirudi sitoki tena. Nitatoka kwenda wapi, na mtu ninaye?"

Akaondoka na jozi yake, akaniachia yangu. "Wewe fanya upande wako, mimi nitafanya wangu," akaniambia pale barabarani, gari la Mtwara linanguruma. Nilimnunia Bibi mpaka mkono wake ulipopona. Akiniita mke mwenzangu siitikii. Ningekuwa na baba, nilijiambia, ningekuwa naye miaka yote ile, kama si huo mkono wako uliogeuza kidevu changu. Leo simlaumu. Alinipa adabu aliyokuwa nayo, na ilikuwa adabu nzuri, ila haikuwa mahali pake.

Na yeye alijua. Asubuhi niliposimama peke yangu uani na fimbo zangu, Bibi alileta kigoda, akakaa, akanitazama mwanzo mpaka mwisho. Watu wakapita: "Ee, jini limehamia kwa mtoto!" Bibi akawajibu kwa Kimakonde maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilikata hewa, vuu, vuu, na mbele yangu palikuwa na nafasi ya mtu. Hapo nikajua miaka yote ile Baba alikuwa anatazama nini. Ni upweke mbaya ule, kwa sababu mikono yako inamjua kabisa mtu ambaye macho hayamwoni.

Siku ya Baba kupiga simu, Bibi na mimi tunaazima simu ya jirani, tunapanda kichuguu.

"Umefanya upande wako?"

"Nimefanya, Baba. Na wewe?"

"Nimefanya wangu."

Safari moja ile haikuisha. Baba aliugua melini, wakamshusha, akafia na kuzikwa katika mji wa bandari ambao Bibi mpaka anakufa hakuweza kutamka jina lake. Hatukuwa na kaburi la kufagia. Tulichopata ni begi, lililoletwa Makote na yule mwenzake wa Mtwara, ambaye walikuwa meli moja. Alikaa barazani ameshika kofia. Alisema Kuya alikuwa ameshastaafu kabla ya safari ile, na mabaharia wengine walikuwa vijana, kazi ikiisha kila mtu na simu yake. "Lakini baba yako asubuhi hakukosa," akaniambia. "Mvua, baridi, yuko mbele huko kwenye sitaha na vijiti vyake. Tulimwita aje apate chai, anasema ngojeni kwanza, sijamaliza na mwenzangu."

Alipoondoka nikafungua begi, nikafungua kile kitambaa cha fimbo. Mahali pa kushikia palikuwa peusi kwa jasho, pamelika mpaka pamekuwa laini kama mpini wa jembe la zamani. Nikazigeuza juani kama alivyokuwa anazigeuza yeye. Michubuko ilikuwa ileile yetu ya uani Makote. Hapakuwa na mpya hata mmoja.

Mimi sasa ni fundi cherehani, nina mume, nina watoto, nina wateja wasiojua maana ya kesho. Alfajiri kabla ya kuinjika chai natoka uani na jozi yangu. Mume wangu amezoea. Majirani wanasema fundi ana mambo yake. Jozi ya Baba iko juu ya kabati, sikuwahi kuishusha tangu nihamie hapa. Lakini juzi, maharage yakiwa yanatokota juu ya ile henzerani, niliacha sare ya watu kwenye cherehani, nikapanda kitandani nikaishusha.

Tunu wangu, mdogo kama nilivyokuwa mimi, akaja akakaa karibu yangu. Sikumgeuza uso. Akazichukua fimbo, akapapasa alama moja moja kwa kidole.

"Za nani hizi, Mama?"

"Za babu yako, aliyekuwa baharia."

"Alikuwa anacheza na nani?"

"Na mimi," nikamwambia. "Kila siku, alikuwa anacheza na mimi."